Mwenye Hekima katika Pirkei Avot

Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya sheria za Kiyahudi uliotimizwa kiasi cha mwaka 200 baada ya Kristo, ina kitabu kimoja kisichohusu hukumu bali mwenendo. Kitabu hicho ni Pirkei Avot, yaani Milango ya Mababa. Katika mlango wa nne Ben Zoma auliza mwenye hekima ni nani. Jawabu lake halitaji wingi wa maarifa wala umri. Lamtaja mtu ajifunzaye, na walimu wa mtu huyo ni watu wote.

Nguvu ya jawabu hilo imo katika sarufi. Kitenzi kimewekwa katika hali ya tendo liendelealo, si ya tendo lililokwisha. Shina lake, l-m-d, ndilo lililozaa talmid, maana yake mwanafunzi, na jina la Talmud yenyewe. Tena mtaalamu wa Kiyahudi huitwa kwa heshima talmid hakham, mwanafunzi wa mwenye hekima. Na hakham ni la ukoo mmoja na hekima, neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu. Basi mtu ajapofika daraja ya juu, jina lake hubaki la mwanafunzi. Wafuasi wa Hillel, kama isimuliavyo Talmud, walipewa ushindi juu ya wafuasi wa Shammai kwa kuwa walizoea kuyataja maneno ya wapinzani wao kabla ya yao wenyewe.

Walakini kitabu kina upungufu. Ben Zoma hakusema mwanamume. Alisema adam, jina lile lile lililomo katika mwanadamu wa Kiswahili. Lakini wasemaji wote wa Pirkei Avot ni wanaume, na katika mlango wa kwanza Yose ben Yohanan aonya juu ya kuzungumza sana na mwanamke. Neno lilikuwa pana kuliko baraza lililolitumia.

Haifai kuutetea upungufu huo kwa kusema kwamba ndivyo zilivyokuwa zama zile, maana Talmud ya Babeli yatoa ushahidi mwingine. Rabi Meir, naye ni mmoja wa wasemaji wa kitabu hiki, aliwaombea kifo watu wakorofi wa mtaani kwake. Mkewe, Beruria, alimwonyesha kwamba neno moja la Zaburi lafaa kusomwa dhambi, si wenye dhambi. Meir akakubali, akawaombea watubu. Msomaji atakaye kufahamu jinsi mtu apatavyo hekima na asome jawabu la Ben Zoma pamoja na kisa hicho, kwani hapo ndipo neno adam lilipotimizwa.