Mguu wa Mpiga Gitaa

Mwaka 2004 mwimbaji wa Uskoti, KT Tunstall, aliitwa dakika za mwisho kwenye kipindi cha televisheni cha Jools Holland nchini Uingereza, kuziba pengo la rapa Nas. Alipanda na gitaa lake na pedali ya Akai sakafuni, ile inayokanyagwa ili irekodi sauti na kuirudia mfululizo, yaani lupu. Akaligonga gitaa ubavuni, akatia sauti za kuitikia, na kabla hajaanza kuimba Black Horse and the Cherry Tree alikuwa ameshajiundia bendi. Watu wengi walimtazama usoni. Mimi video ile huiangalia kwa chini, pale mguu unapokanyaga pedali.

Ila mguu hauokoi kitu kama sauti iliingia vibaya. Fundi wa lupu hupima kiwango mapema, tena hapimi kwa kunong'ona. Hupiga kwa nguvu ileile atakayopiga jukwaani jasho likimtoka, akiongeza taratibu hadi taa nyekundu iwake, kisha anarudisha nyuma kidogo. Anaacha nafasi kwa sababu tabaka la kwanza halitakaa peke yake. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikilaliana huongeza takriban desibeli 3; zikifika nne, 6. Anayejaza chombo tangu mwanzo hana pa kuweka kiitikio.

Wanamuziki Robert Fripp na Brian Eno, walipotengeneza albamu yao ya 1973 kwa mashine mbili za tepu, walikuwa na chombo chenye huruma: tepu ikizidiwa hukunja sauti polepole, na kila mzunguko sauti ya zamani hufifia. Pedali ya kidijitali haina huruma hiyo. Ikizidiwa hukata kilele cha sauti, na mkwaruzo ule unarudi kila mzunguko, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Ndiyo maana napenda kuona mwimbaji akicheza na umbali. Akitaka mdundo wa mdomo anarudi nyuma ya maiki. Akitaka pumzi tu anaisogelea karibu kuigusa. Mikono iko kwenye nyuzi, basi kiwango anakirekebisha kwa shingo.

Halafu mguu. Mgeni hukanyaga anapomaliza kipigo cha nne, lupu ikatoka fupi, ikichechemea. Mzoefu hufunga lupu kwenye kipigo cha kwanza cha mzunguko unaofuata, na mkono hausimami: unaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila kipigo ni nusu sekunde, kwa hiyo kuchelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde sikio linakusikia. Wengine huipanga pedali ikitoka kurekodi iingie moja kwa moja kwenye kuongeza tabaka, ili mlio wa nyuzi zilizopigwa mwisho umwagikie mwanzoni na kiungo kifunikwe.

Kazi ikiwa safi kiasi hicho, inaweza kumponza mpigaji mwenyewe. Mwimbaji Ed Sheeran alipofunga tamasha la Glastonbury 2017 akitumia lupu jukwaani, baadhi ya watazamaji walidai amekuja na muziki uliorekodiwa tayari, ikabidi aeleze mtandaoni kwamba kila kitu kilitengenezwa palepale. Ningekuwa yeye, nisingewajibu.