Lamine N'Diaye, mshambuliaji aliyetufundisha kungoja

Kila mara tukizungumza juu ya Desemba 2010 hapa Lubumbashi, hadithi ni ileile: Kidiaba anarukaruka na makalio juu ya majani, Kabangu anafunga, mji haulali. Kocha aliyesimama pembeni anatajwa mwisho, ao hatajwi kabisa. Kisha mtu mmoja anakata maneno: "Ile ilikuwa feza ya Moïse, basi." Wenzangu, mimi nakataa, na nitaeleza sababu.

Angalieni mwaka wa mbele yake. Desemba 2009 TP Mazembe ilienda ku Abu Dhabi, Kombe la Dunia la klabu, na kocha Diego Garzitto, rais wa klabu ni Katumbi yuleyule, Trésor Mputu yuko ndani. Ikapoteza michezo yote miwili: 2-1 mbele ya Pohang ya Korea Kusini, kisha 3-2 mbele ya Auckland City ya New Zealand. Auckland, jamani! Watu ambao wengi wao mupira haukuwa hata kazi yao ya kila siku.

Mwaka 2010 N'Diaye akachukua ekipe. Mputu hakuwepo: alifungiwa miezi 12 juu ya vurugu na refa kule Kigali. Kwa hesabu ya kawaida, mambo yalipaswa kuharibika zaidi. Lakini fainali ya Afrika, Mazembe ikapiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa kwetu, halafu 1-1 kwao. (Ndiyo, Espérance walipata kadi nyekundu mapema hapa Lubumbashi. Hata hivyo, matano ni matano.) Ku Abu Dhabi ikapiga Pachuca ya Mexico 1-0, bao la Bedi, kisha Internacional ya Brazil 2-0, ikaingia fainali ya dunia. Mbele ya hapo hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Sisi tuliosoma agronomia tunajua: ukiwa na mashamba mawili, mbolea ni sawa, na moja linatoa mahindi zaidi, hauwezi kusema ni mbolea. Unatafuta kile kilichobadilika.

Mtanijibu kwamba wachezaji nao walikuwa wamekomaa, na kwamba siku ya Internacional Kidiaba alizuia karibu kila kitu. Kweli. Lakini tazameni tena ule mchezo, video iko. Mazembe haikimbilii mupira ovyo. Watu wanakaa karibu-karibu, Wabrazil wanachoka kuzunguka, mtu mmoja akikosa kidogo, Kabangu anafunga, dakika ya 53. Kisha wanangoja tena. Dakika ya 85 ni Kaluyituka. Huyu Kaluyituka akatoka pale akiwa mchezaji wa pili bora wa mashindano, nyuma ya Samuel Eto'o peke yake. Bila Mputu, mabao yalitoka kwa watu tofauti, na hiyo njo kazi ya kocha.

Jambo linalonishangaza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mshambuliaji. Alizaliwa Senegal mwaka 1956, akacheza mbele huko Ufaransa, Cannes na Mulhouse, kisha akafundisha Coton Sport ya Garoua. Mtu wa namna hiyo ungemtegemea apende kushambulia tu. Mimi nafikiri aliyekaa miaka mbele ya magoli anajua vizuri zaidi kitu gani kinamuuzi mshambuliaji: kukosa nafasi. Njo akaifundisha Mazembe kuwanyima wengine nafasi.

Hapa sasa namulaumu. Kungoja ni kuzuri wakati goli halijaingia kwako. Fainali na Inter ya Milan, Pandev alifunga dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, na kutoka pale sikuona mpango mwingine hadi Biabiany akamalizia, 3-0. Mbele ya hapo, Oktoba 2008, akiwa kocha wa Senegal, sare ya 1-1 na Gambia pale Dakar ilimaliza safari ya kwenda Kombe la Dunia 2010, naye akapoteza kazi. Aprili 2024, amerudi Mazembe, nusu-fainali na Al Ahly: 0-0 hapa Lubumbashi, kisha 3-0 Cairo. Wengi walilia juu ya Cairo. Kwangu mimi, ule mchezo ulipotea hapa nyumbani, mbele ya watu wetu, ekipe ikingoja nafasi ambayo haikuja. Mtu mwenye uzoefu wake alipaswa kuthubutu.

Lakini msimu uleule wa 2023-2024 alichukua ubingwa wa Linafoot, na miaka yake 67. Na Pamphile Mihayo, aliyecheza chini yake, akawa kocha na kuipatia Mazembe Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2017. Sijui mashabiki wangapi wanaunganisha hizo habari mbili. Kwetu hapa sare tatu zinatosha kupigia kocha kelele aende, na akienda anabeba kila kitu mu kichwa chake. Badiangwena wanaweza kukuimbia majina ya wale 11 wa Abu Dhabi bila kukosea. Uliza mmoja wao akueleze juma moja la mazoezi ya N'Diaye: asubuhi walifanya nini, kwa nini Bedi alianza na nani akakaa. Wachezaji wa ile ekipe wangali wako hai mu huu mji. Nani ataenda kuwauliza na daftari mkononi?