Mhusika Asiye na Kitabu: William Gillette, King Majuto na Suala la Matini

Uhakiki wa tamthiliya ya Kiswahili umezoea kuanza na matini iliyochapishwa, kisha kumtazama mwigizaji kama mfasiri wake. Makala haya yanadai kwamba mkabala huo hautoshi kueleza sanaa ya vichekesho iliyomlea King Majuto wa Tanga. Hoja hiyo inajengwa kwa kumlinganisha na mwigizaji aliyefungamana na mhusika wa kitabuni.

Mmarekani William Gillette alimwigiza mpelelezi Sherlock Holmes kuanzia mwaka 1899, zaidi ya mara 1,300. Mhusika alikwishaumbwa na Arthur Conan Doyle, lakini jukwaa nalo lilimwongezea sura: kiko kilichopinda, tofauti na kile kilichonyooka katika michoro ya Sidney Paget, hunasibishwa na Gillette. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mvuta kiko aliyechapishwa kwanza katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), ni wa ukoo huohuo. Hata hivyo, Holmes hakumtegemea Gillette pekee. Kwa kuwa mchezo uliandikwa, H. A. Saintsbury aliweza kuichukua nafasi hiyo katika ziara za Uingereza.

Kwa Amri Athumani (1948–2018), mzaliwa wa Tanga aliyepanda jukwaani tangu utotoni, mambo yako kinyume. Vichekesho kwa kawaida haviandikwi. Waigizaji hukubaliana kuhusu kisa, kisha hubuni mazungumzo papo kwa papo mbele ya hadhira. Majuto, yule mzee mjanja na mbishi, hakutoka kitabuni. Aliumbwa na sauti, uso, mwendo na kicheko cha watazamaji, hata jina la mhusika likalifunika la mwenyewe.

Tofauti hii ina uzito wa kinadharia. Gillette aliacha nafasi inayoweza kurithiwa; Majuto aliacha utendaji. Filamu zake za video zimehifadhi sehemu tu, kwani kamera haina hadhira inayomjibu mwigizaji na kumlazimisha abadili mkondo. Mhakiki anayesubiri kitabu atahitimisha kwamba hakuna cha kuhakiki, na hitimisho hilo litakuwa zao la mbinu yake, si upungufu wa sanaa yenyewe.

Kazi ya dharura, basi, ni kunukuu rekodi zilizopo pamoja na ishara na vituo vyake, na kukusanya kumbukumbu za waigizaji na watazamaji wa Tanga wangali hai.