Tazama Kooni, Si Usoni

Juzi, katika saluni moja ya mtaa wa Himbi, hapa Goma, niliwasikia watu wazima wakikisifu kinara cha wembe na brashi ambacho mimi nisingekitundikia hata mswaki. Kinang'aa, sawa. Kimechomwa jina la mji kwa chuma cha moto, na chini kimegundishwa jiwe la volkano ya Nyiragongo. Jiwe la lava ni matundu matupu: linakunywa maji ya sabuni na kuyaweka. Hicho si kinara, ni zawadi ya mgeni anayewahi ndege.

Tuanze na yasiyo na mjadala. Kinara cha maana kina miguu mitatu, si minne, maana meza zetu zimesimama juu ya lava na mitatu haiyumbi. Chini ya kila mguu, kipande cha tairi kuukuu, kama kile wanachovisha magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Urefu usizidi shibiri. Wembe mmoja, brashi moja. Anayetaka zaidi anunue kabati. Brashi ining'inie manyoya chini. Mbao iwe libuyu au mvule. Mkaratusi uachiwe chukudu, ubebe viazi vya Kibumba, huko haushindwi. Vanishi ya kung'aa ni ya jeneza. Ukiuliza kwa nini, bado hujanyolewa vizuri.

Sasa koo, lile pengo la mkono wa kinara ambamo shingo ya brashi inakaa. Mnunuzi hulitazama kwa mbele, akaona pengo, akatoa pesa. Wewe kipindue kinara, uingize kidole. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa zile pembe mbili za pengo. Zikikatiza, siku brashi itakapogongwa pembe moja itabaki sakafuni. Lakini nyuzi zikienda sawa, ndani kabisa ya pengo panabaki kichwa cha mbao, na kichwa cha mbao kina kiu kuliko ubavu wake. Brashi hutundikwa ikiwa imelowa. Maji ya kwenye mpini yanateremka, yanatua hapo hapo. Asubuhi mbao inavimba, mchana inanywea, na ufa unaanzia pale ambapo msasa wa fundi mvivu haukufika.

Mzee mmoja wa mtaa wa Birere, kabla lava ya Januari 2002 haijaifunika karakana yake, alikuwa akizungushia msasa kwenye kijiti na kulisugua koo mpaka likawa laini kuliko uso wa kinara chenyewe. Kisha mafuta ya kitani, kwa unyoya wa kuku. Analiacha lilale, kesho anapaka tena, mpaka mbao ikatae kunywa. Mteja mwenye haraka alijibiwa: "Mwanangu, nenda kanunue plastiki."

Matapeli nao wana ufundi wao. Wanachonga mkaratusi mbichi, wanaupaka rangi ya viatu, wanauita libuyu. Pengo walilokata vibaya wanalijaza gundi na unga wa msumeno. Lowesha kitambaa cheupe, sugua ndani ya koo. Kikitoka chekundu, umemkamata mtu. Ukisahau, wembe utamkamata kwa niaba yako: tanini ya mkaratusi ikikutana na chuma kilicholowa, inatoa doa la weusi wa wino, na doa hilo halitoki kwa sabuni.

Na si mkaratusi tu unaochongwa mbichi. Zamani mbao zilizoshuka kutoka Beni au Walikale ziliegemezwa ukutani mpaka zikauke, na hakuna aliyethubutu kuzigusa kabla. Leo lori linashusha jioni, na kabla ya Jumapili zimeshakuwa kitanda cha arusi. Halafu tunashangaa milango haifungi.

Basi, msomaji, ukienda kununua, usianze na bei. Pindua, ingiza kidole. Koo likikukwaruza, kirudishe mezani na umuage fundi kwa heshima: aliyeficha uvivu hapo, ameuficha na kwingine.