Kibaba, Mizani na Mkono wa Mpishi

Katika sanaa zote za jikoni, iliyo siri kuliko zote, na kwa sababu hiyo yenye kusifiwa kidogo, ni ile ya kukigeuza kipimo: kuupokea mchele sokoni kwa uzito, kisha kuutia chunguni kwa ujazo, pasina wali kuwa mashendea wala kubaki na kiini.

Huku Mwanza, ambako mchele hutufikia kutoka majaluba ya Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema, muuzaji hupima kwa mizani, au kwa kisado, au kwa debe. Lakini mnunuzi afikapo nyumbani aghalabu hana mizani, ana kikombe. Hana budi basi kuijua hesabu yake: kikombe cha mililita 250, kikijazwa na kufutwa, huchukua takriban gramu 200, yaani vikombe 5 kwa kilo, kisado cha lita 4 huchukua kilo 3 na ushei, na debe la lita 20 yapata kilo 16.

Hesabu hiyo ni kongwe. Kibaba, ambacho watoto wengi wa leo hukijua katika methali tu, kilikuwa robo ya pishi, na wazee walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, kilichofanywa kichuguu. Hata zaka ya fitri asili yake ni ujazo, pishi moja kwa kila nafsi. Na wanazuoni walipoigeuza kuwa kilo walihitilafiana, kwani nafaka hazilingani: ujazo mmoja hauna uzito mmoja.

Na hapo ndipo ustadi unapoanza. Punje ndefu nzima huachiana nafasi, ilhali chenga hushikamana, kwa hiyo kikombe cha chenga ni kizito zaidi. Ukikitikisa kikombe, mchele huzama na kukaribisha mwingine. Na mchele wa zamani, uliokauka ghalani, hunywa maji mengi kuliko uliokobolewa juzi katika mpunga mpya. Mizani haiwezi kumwambia mpishi hayo, wala kikombe peke yake hakiwezi.

Nakumbuka mpishi mmoja wa shughuli, mama mtu mzima wa Kirumba, aliyeletewa kilo 20 za mchele wa arusi. Alitwaa konzi moja, akaipuliza, akatafuna punje mbili, kisha akamwambia kijana aliyeubeba: “Mwanangu, huu utakuwa debe moja na robo, na ni mpya; maji yake nitayapunguza.” Ulipopimwa, ukawa debe moja na robo kama alivyonena. Kwa kanuni ya vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, zilihitajiwa ndoo mbili na nusu. Yeye akatia mbili tu, akapalia makaa juu ya kifuniko, na wali ukatoka punje mbalimbali, kila moja imeiva hata ndani.

Nauita ujuzi huo sanaa, wala siuiti mazoea, kwa kuwa ndani yake mna insafu. Mpimaji hushika amana ya watu wawili, aliyelima na atakayekula; si bure Qurani ikawa na sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin, wala si bure sheria ya nchi yetu ikaipiga marufuku lumbesa, ile tele ya gunia inayomnyang'anya mkulima jasho lake. Mwenye kujua kilo yake ni vikombe vingapi hapunjwi, na akiwa mwadilifu hapunji.

Nawe msomaji, unaponunua mchele mpya, chukua kilo moja iliyopimwa kwa haki, uipime kwa kikombe chako cha kila siku, mfuto na bila kutikisa, kisha uandike idadi yake ukutani, karibu na jiko. Wafundishe hayo wanao, wa kike na wa kiume.