Sifa za Kiongozi wa Kikundi

Mtu mzima haingii darasani mikono mitupu. Anaingia na uchovu wa kutwa, kodi ya fremu inayomdai mwisho wa mwezi, na heshima yake mtaani ambayo hataki ivunjike mbele za watu. Anaingia pia na ujuzi wa miaka mingi ambao huenda hakuna aliyewahi kumwomba autoe. Ukikosea namna ya kumwamkia, au ukamsahihisha mkwewe akisikia, umempoteza. Wiki ijayo hatakuja, wala hatatuma mtu kueleza kwa nini. Kumfundisha mtu wa namna hiyo ni ufundi, nami nausifu bila kusita. Nausifu zaidi pale somo linapokuwa miti, maji, udongo na mvua, vitu ambavyo mkazi wa Kariakoo anavigusa kila siku huku akiamini kwamba ni mambo ya watu wa shamba.

Mji huu wa Dar es Salaam haujaanza leo kuwakalisha watu wazima wajifunze. Ukitoka sokoni Kariakoo kuelekea Posta unapita Mnazi Mmoja, ulipo ukumbi wa Anatoglo uliojengwa zama za mkoloni uwe kituo cha jamii. Kwenye barabara ya Bibi Titi Mohamed ipo Maktaba Kuu ya Taifa, na ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo Kikuu cha Makerere na kupewa sheria yake yenyewe mwaka 1975. Wapita njia wengi hawaligeukii jengo la taasisi hiyo. Mimi siwezi kulipita bila kukumbuka kwamba watu wa taasisi ile walikuwa miongoni mwa waliobuni njia ya kuwafanya wakulima, wavuvi na akina mama wa majumbani nchi nzima wakae pamoja, wasikilize redio, kisha wabishane kuhusu mbu.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka mitatu baadaye ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilirusha vipindi kuhusu malaria, kichocho, safura na maradhi mengine yanayozuilika, na vikundi vikakutana kuvisikiliza, kitabu mkononi. Waliotarajiwa walikuwa watu milioni moja. Walioshiriki wakafika kama milioni mbili. Tarakimu inayonishika zaidi, hata hivyo, ni ile ya viongozi wa vikundi: wapatao 75,000. Hao hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa watu wa palepale, waliopewa mafunzo ya siku chache na kuelekezwa wasijifanye walimu. Kazi yao ilikuwa kuyafanya mazungumzo yatembee.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na naomba niutazame taratibu.

Kwanza ni kukaa. Safu za madawati humpa mtu mzima nafasi ya kujificha nyuma, au humrudisha kwenye fimbo za utotoni. Kiongozi anayejua kazi yake hupanga duara, na mzee akifika humwinukia kama anavyoinukiwa nyumbani. Salamu hazikatizwi ili kuokoa muda. Dakika zile za shikamoo, habari za wagonjwa, na nani kafiwa, ni sehemu ya somo, maana ndani yake watu hupima kama hapa ni mahali salama pa kufungulia kinywa.

Redio ikizimwa, linakuja swali la kwanza. Kiongozi mchanga huuliza, "Jamani, mmeelewa?" Wote huitikia ndiyo, kwa adabu, na kikao kikawa kimekufa. Kiongozi fundi huuliza jambo ambalo jibu lake liko uani kwa mtu: maji ya kuoga nyumbani kwako yanaishia wapi? Hapo hakuna wa kusema hajui. Anayesema sana hupewa kazi ya kuandika, apumzike kusema. Wanawake wasiotaka kuzungumza mbele ya baba mkwe huombwa wakae wawiliwawili kwanza, wazungumze chinichini, halafu mmoja alete neno la wote. Na swali likishaulizwa, kiongozi hunyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote. Ukimya wa nusu dakika mbele ya watu wazima huuma, na asiye na uzoefu hukimbilia kuujaza kwa hotuba.

Sasa anasimama mzee mmoja, anasema homa huletwa na maembe mabichi. Imani hii imeenea sana kwetu. Pengine husemwa ni mahindi mabichi. Mwenye haraka atamwambia, "Hapana mzee, ni mbu," na vijana watacheka. Fundi atauliza, "Mzee wangu, maembe yetu hapa hushika miezi gani?" Kuanzia Novemba hivi. "Na mvua za vuli?" Miezi hiyohiyo. "Na madimbwi?" Duara zima linaanza kuona. Yule mzee hakuwa mjinga. Alikuwa ameangalia kalenda ya maumbile kwa miaka mingi na akakuta vitu viwili vinakuja pamoja. Alichokosa ni cha tatu kinachoviunganisha na homa. Kiongozi hakumnyang'anya alichokiona, alimwongezea mbu. Mzee atakwenda nyumbani kufukia dimbwi kwa sababu ni yeye aliyeligundua.

Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Hii ya misitu ndiyo ninayoitamani irudi, na irudi mjini. Wakati ule ilionekana dhahiri kwamba habari za misitu wakaambiwe wanaoishi jirani na misitu. Lakini msitu unafika Kariakoo kila alfajiri, ndani ya magunia. Nenda kwa mama ntilie yeyote kwenye vichochoro vya mtaa wa Kongo au Mchikichi, muulize habari za mkaa. Atakugongea vipande viwili usikie: wa mti mgumu unalia kama chuma, wa mti laini haulii na unakwisha kabla maharage hayajaiva. Atakuambia gunia la siku hizi lina vumbi kiasi gani chini, na kwamba mkaa mzuri unazidi kutoka mbali. Hajasomea misitu, lakini anapima kutoweka kwa miti migumu kwa sikio na kwa mfuko wake. Darasa la misitu likianza na kile kipande cha mkaa, kikapita mkono kwa mkono, litafika Kisarawe na Kilosa, mkaa unakotoka, bila ramani.

Mvua nayo ni hivyohivyo. Wachuuzi wa Kariakoo ni wasomaji wa majira kwa lazima. Nyanya za Ilula zikichelewa, wanataka kujua barabara imeharibika au mvua imezidi shambani. Machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa, viazi vya Njombe, mchele wa Kyela: kila shehena inaingia na habari ya udongo ilikotoka, na muuzaji huzisoma habari hizo kwa kuminya, kunusa na kukata kipande. Tukisema tabianchi mbele yake, atainamisha kichwa kwa heshima na kusubiri tumalize. Tukimuuliza ni mwezi gani siku hizi nyanya hupanda bei, na zamani ulikuwa upi, atazungumza mpaka adhana ya magharibi.

Sisemi kampeni zile za zamani zilikuwa safi. Mambo mengi ya kutekelezwa yalikuwa yameshaamuliwa juu kabla kikundi hakijakaa. Miaka hiyohiyo watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wengi kwa nguvu, na ni vigumu kumwambia mtu leo "tujadiliane" na kesho ukambomolea nyumba. Viongozi wa vikundi walikuwa katikati ya mambo haya mawili. Kwangu hili linazidisha sifa yao: kila walipofaulu kuyafanya mazungumzo yawe ya kweli, walifanya hivyo katika nchi iliyozoea kuamrisha.

Na ufundi wenyewe haukufa nao. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam, serikali ilizihamishia Mabwepande familia za mabondeni. Baadhi zilirudi bondeni Jangwani, karibu na riziki. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walitembea na wenyeji katika kata zinazofurika wakichora nyumba, vichochoro na mifereji ambayo haikuwemo kwenye ramani yoyote. Mimi naiona kazi ile kama darasa la watu wazima juu ya maji, hata kama hakuna aliyeliita hivyo. Setilaiti inaonyesha bati la nyumba. Haionyeshi mfereji uliozibwa na taka, wala maji yalifika usawa gani ukutani. Hayo anayajua aliyepandisha watoto juu ya kabati usiku wa mafuriko. Mwanafunzi mwenye kifaa mkononi alilazimika kuwa mwanafunzi kweli, asimame kibarazani na kuuliza.

Tunazo bustani mjini. Ipo Bustani ya Mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, tangu enzi za Wajerumani, na ipo bustani ya Mnazi Mmoja palepale mlangoni mwa Kariakoo. Watu hupita, hupumzika, hupiga picha za harusi. Ningependa mara moja kwa wiki, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepungua makali na wachuuzi wa asubuhi wamefunga hesabu, apatikane kiongozi wa kikundi aliyefundwa vizuri, na mikeka michache chini ya mti. Wasiitwe wataalamu kwanza. Aitwe mama ntilie na mkaa wake, muuza dawa za asili na magome yake, dereva wa bodaboda anayejua kona zote zinazojaa maji, na bibi wa Ilala aliyeliona bonde la Msimbazi kabla halijajazwa nyumba. Mtaalamu wa mito aje wiki ya tatu, akae kwenye duara kama wengine, asubiri zamu yake.

Somo la kwanza ningelianzia kwenye soko lenyewe. Mbunifu majengo Beda Amuli alipolichora, alilipa mapaa ya zege yaliyoundwa ili yakinge mvua na kuishusha chini kwa utaratibu, na wengi wetu tumenunua mboga chini ya mapaa hayo miaka nenda rudi bila kulijua jambo hilo. Kiongozi awaamkie wazee, awasubiri kidogo wanaochelewa, kisha aulize: mvua iliyonyesha juzi juu ya paa lile, na juu ya mabati ya mitaa yote hii, imekwenda wapi? Anyamaze. Na atakayejibu wa kwanza aombwe awaongoze wenzake kwa miguu, wakaufuate mfereji mmoja hadi mwisho wake.