Juu ya Uchaguzi wa Kitabu cha Kemia Isokaboni kwa Wanafunzi wa Chuo

Kitabu cha kiada hakihukumiwi kama riwaya. Riwaya ikimchosha msomaji, huiweka chini, na hasara yake ni jioni moja tu. Lakini kitabu cha kemia kikichaguliwa vibaya darasa zima huteseka mwaka mzima, na wanafunzi wengi hutoka wakiamini kwamba elimu hii si kitu ila orodha ndefu ya rangi, harufu na milinganyo ya kukaririwa. Kwa sababu hiyo yafaa tuvipime vitabu vinavyojulikana zaidi vyuoni, si kwa sifa za waandishi wake, bali kwa kazi ambayo kila kimoja chaiweza.

Jina lenyewe la somo lataka tahadhari. Neno "isokaboni" ladokeza kwamba kaboni haimo. Lakini magadi, chokaa, na hewa tunayoitoa puani vyote vina kaboni, navyo ni vya kemia hii. Tena chuma kilichomo katika damu na kobalti iliyomo katika vitamini B12 huchunguzwa na wataalamu wa tawi hili hili. Elementi zinazojulikana leo ni 118. Mwandishi anayetaka kuzieleza zote hana budi kuamua jambo moja kabla hajashika kalamu: je, aanze na kanuni ndipo avifikie vitu, au aanze na vitu ndipo azitoe kanuni? Hapo ndipo vitabu vinapoachana njia.

N. N. Greenwood na A. Earnshaw, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, walichagua vitu. Kitabu chao, Chemistry of the Elements, kilitoka mwaka 1984, na toleo la pili likafuata mwaka 1997. Baada ya sura moja juu ya asili ya elementi na nyingine juu ya jedwali lake, msomaji huingizwa moja kwa moja katika haidrojeni, kisha huongozwa kundi baada ya kundi kwa zaidi ya kurasa 1,300. Humo mna historia ya ugunduzi, mna habari za machimbo na viwanda, na kila elementi hupewa haki yake. Ni hazina, wala sioni kitabu kimoja kinachoweza kushika mahali pake katika maktaba. Lakini hazina si njia. Kanuni zimetawanyika humo kila zinapohitajika, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiachiwa kitabu hiki peke yake atakuwa kama mtu aliyetupwa bahari kuu kabla hajajua kuogelea.

Kitabu cha F. A. Cotton na G. Wilkinson, Advanced Inorganic Chemistry, kilitokea mwaka 1962, na toleo lake la sita ni la mwaka 1999. Wilkinson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, pamoja na E. O. Fischer, kwa kazi yao juu ya misombo ya metali na kaboni, na Cotton alikuwa mwanafunzi wake. Nguvu ya kitabu ndiyo hiyo: kimeandikwa na watu walioujua uwanja kwa kuulima wenyewe, hasa katika sura za metali za mpito. Udhaifu wake watoka mahali pale pale. Waandishi huzungumza na mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti.

Catherine Housecroft na Alan Sharpe, ambao kitabu chao kilianza kutoka mwaka 2001 na kufikia toleo la tano mwaka 2018, walimfikiria mwanafunzi kwanza. Atomu, muungano na ulinganifu wa maumbo hutangulia, elementi hufuata. Mna mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua, na mazoezi ya mtu kujipima mwenyewe. Lawama moja haikwepeki: sura za mwanzo ni nzito kwa nadharia, na mwalimu asiye mwangalifu aweza kumaliza muhula kabla wanafunzi hawajaonyeshwa hata chumvi moja.

Anayechagua asitazame jalada. Na aulize kitabu maswali mawili. La kwanza ni la mrututu. Mrututu una rangi ya buluu. Ukipashwa moto hupoteza maji na kuwa mweupe. Ukitiwa maji hurudia rangi yake. Kitabu kinachotaja mabadiliko hayo na kunyamaza hakifai chuoni. Kinachofaa hueleza kwamba molekyuli za maji zinazoizunguka ayoni ya shaba hutenganisha ngazi za nishati za elektroni zake, hata ayoni ikanyonya mwanga mwekundu. Maji yakiondoka, unyonyaji huhamia nje ya mwanga tunaoweza kuuona.

Swali la pili ni la salfa heksafloraidi. Salfa yawezaje kushika atomu sita za florini? Vitabu vya zamani vilijibu kwamba hutumia obiti zake za d. Hesabu za baadaye zimeonyesha kwamba mchango wa obiti hizo ni mdogo sana. Kitabu kinachotoa jibu la zamani bila neno la tahadhari kimepitwa na wakati, hata kama karatasi yake ni mpya. Mambo ya hakika huzeeka polepole, nadharia huzeeka upesi. Ingawa mwaka ule ule wa 1962 Neil Bartlett alipoifanya zenoni iungane na elementi nyingine, hata sura za gesi zilizodhaniwa haziungani na chochote zilibidi kuandikwa upya.

Hukumu yangu basi ni hii. Housecroft na Sharpe wawe mikononi mwa mwanafunzi. Greenwood na Earnshaw wawe katika maktaba, tena nakala zaidi ya moja. Cotton na Wilkinson wangojee mwaka wa mwisho. Na mwalimu asiyafuate mapangilio ya kitabu kama mtumwa: sura ya muungano ikisomwa, chumvi iwe mezani.

Lakini vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza. Mwanafunzi wa Tanzania aliyeanza elimu yake kwa Kiswahili huvisoma akibeba mizigo miwili, wa kemia na wa lugha, na mara nyingi hukariri sentensi asiyoielewa kwa kuwa hawezi kuisema kwa njia nyingine. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilitupa maneno. Maneno hayafundishi yenyewe. Hata kijitabu cha kurasa mia, chenye kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini mrututu ni wa buluu na magadi huchomwaje yakawa soda, kingemsaidia mwanafunzi huyo kuvisoma vitabu hivi vikubwa kwa akili badala ya kwa kumbukumbu tu. Kazi hiyo yawangoja wanakemia na wanalugha kwa pamoja, na hakuna upande utakaoiweza peke yake.